Surf inatoa moshi mweusi na kumaliza mafuta: je, ninunue kompyuta?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Hilux Surf ya 1992, injini ya petroli 3VZ-E, niko Njombe. Mwaka jana ilichemsha, ikatengenezwa, na tangu hapo inatoa moshi mweusi. Plagi zinajaa masizi ndani ya wiki mbili na silensa inanuka petroli. Nimeshabadilisha plagi, chujio la hewa na sensa ya oksijeni. Sasa fundi wangu anataka tununue kompyuta ya injini, ile inayopima mafuta ya kuingia, ya mtumba. Ninunue?

JIBU: Usinunue, ndugu yangu. Kompyuta za miaka hiyo haziharibiki kirahisi. Mara nyingi zinatii tu taarifa mbovu zinazoletewa.

Kilichonishtua katika maelezo yako ni hilo la kuchemsha. Gari likichemsha huku kwetu, mafundi wengi hung'oa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kuitupa, eti nchi ya joto haiihitaji. Muulize wako kama naye aliitoa. Isipokuwepo, maji yanapita kwenye rejeta muda wote, na kwa baridi ya Njombe injini inaweza kutembea safari nzima bila kufika nyuzi 80. Kompyuta ikiambiwa maji yana nyuzi 50, inajua injini bado haijapata moto, inazidisha petroli. Inafanya kazi yake sawasawa.

Asubuhi injini ikiwa baridi, washa, kisha gusa hozi ya juu ya rejeta kila baada ya dakika moja, mkono ukiwa mbali na feni. Penye thamostati nzima hozi hukaa baridi kwanza, halafu hupata moto kwa ghafla. Yako ikianza kupata uvuguvugu mapema na kupanda polepole, nunua thamostati, na hiyo kompyuta isahau.

Ikiwa thamostati ipo, nenda kwenye sensa ya joto la maji. Usiichanganye na ile ya geji ya dashibodi, yenye waya mmoja. Ya kompyuta ina nyaya mbili. Kwa hiyo geji kusoma katikati si ushahidi wa lolote. Pima sensa kwa mita: maji yakiwa nyuzi 20 itoe kilo-omu 2 hadi 3, yakifika 80 ishuke hadi omu 200 hadi 400. Isiposhuka, kompyuta inaona baridi isiyokuwepo. Soketi yenye kutu huleta uongo uleule, isafishe kwanza. Kama huna mita, chomoa soketi ya nyaya zake (si sensa yenyewe) injini ikiwa na moto na inaunguruma. Kompyuta ikikosa taarifa hiyo hujichukulia kwamba maji yana nyuzi 80, kwa hiyo moshi ukipungua papo hapo, ugonjwa uko upande huo wa joto.

Unaweza pia kuunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, ufungue swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Namba 22, yaani mara mbili, inatulia, kisha mara mbili tena, ni sensa hiyohiyo. Lakini taa hukamata waya uliokatika au kugusana tu. Sensa inayosema 40 wakati maji yana 85 inapita bila kuguswa.

Joto likiwa sawa, chomoa mpira mwembamba wa upepo kwenye regyuleta ya presha ya mafuta. Ukikuta petroli ndani yake, utando umepasuka, badilisha. Kagua na injekta ya kuwashia baridi, ambayo ikivuja hudondoshea mafuta silinda zote. Hiyo kazi usiifanye injini ikiwa na moto. Mwisho ni kipimo cha hewa, kile chenye kibao kinachofunguka. Kifuniko chake cheusi kimefungwa kwa gundi kiwandani. Gundi ikiwa imekatwa, kuna mtu aliyelegeza springi, na springi iliyolegea huongeza mafuta. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kipimo cha aina hiyo huzidisha mafuta kidogo hata kikiwa kizima. Ila si kiasi cha moshi mweusi.

Ukishatibu, mwaga oili hata kama haijafikia kilomita zake. Petroli iliyozidi imeshaingia humo. Chomoa kijiti cha kupimia oili uinuse. Na sensa yako ya zamani ya oksijeni, kama hujaitupa, itunze. Sidhani kama ilikuwa na kosa.