Maswali ya Magari: Jina Moja, Giaboksi Tofauti

Kati ya barua zilizotufikia, tumechagua tatu zinazogusa matoleo yanayoanza kuingia Afrika Mashariki, gredi zake (yaani viwango vya vifaa na urembo) na aina za giaboksi.

SWALI: Mhariri, ninataka kuagiza gari la familia kutoka Japani kabla mwaka huu wa 2026 haujaisha. Ninayumba kati ya Honda Fit ya haibridi na wagoni ya Toyota. Wapo wanaonihimiza nichukue la 2019 kwa kuwa bei yake ni nafuu, na wapo wanaosema niongeze pesa nipate toleo lililotoka baadaye. Je, tofauti ni ya kweli au ni ya taa na bampa tu? Pia naomba nielezwe maana ya herufi G-X, S na W×B katika matangazo ya Corolla. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ndugu msomaji, kwetu sisi toleo jipya si lile linalozinduliwa Tokyo leo, bali ni lile ambalo sheria na mfuko vinaturuhusu kulifikia. Kenya haipokei gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane, na ndiyo maana tangu Januari 2026 yanaingia yale tu yaliyosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2019 au baada ya hapo. Mstari huo husogea mwaka mmoja kila Januari. Ukinunua la 2019 mwishoni mwa mwaka na meli ikachelewa ukavuka Desemba, gari lako litakataliwa, kwa hiyo hesabu majuma ya safari ya baharini kabla ya kutuma pesa.

Sasa nije kwenye Fit, kwa sababu hapo ndipo tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Fit ya haibridi (inayotumia petroli pamoja na mota ya umeme) iliyoingia sokoni mwaka 2013, yenye msimbo GP5, ilitumia giaboksi ya klachi mbili na gia saba, ambayo ilisumbua mapema kiasi kwamba Honda iliyaita magari hayo mara kadhaa huko Japani ili programu ya uendeshaji wake irekebishwe. Toleo lililotoka Februari 2020, lenye msimbo GR3, liliacha giaboksi hiyo kabisa. Katika mfumo huo mpya, unaoitwa e:HEV, mota ya umeme ndiyo inayosukuma magurudumu kwa sehemu kubwa ya safari huku injini ikizalisha umeme, na gari likishika mwendo wa barabara kuu, klachi moja huiunganisha injini moja kwa moja na magurudumu. Hakuna gia za kubadilishwa. Magari mawili yenye jina moja, yaliyopishana miezi michache tu kiwandani, yanahitaji mafundi wawili wenye ujuzi tofauti.

Kwa hiyo, kama ni Fit ya haibridi, ongeza pesa uchukue ya 2020; mimi nisingeichukua ya 2019 hata nikipewa punguzo. Kama uwezo wako unaishia 2019, tafuta ya petroli tupu ya lita 1.3, msimbo GK3, yenye CVT ya kawaida (otomatiki ya puli na mkanda) ambayo mafundi wengi wamekwisha kuizoea.

Kuhusu wagoni, Corolla Touring ilizinduliwa Japani mwaka 2019, lakini Corolla Fielder haikuondolewa; iliendelea kuuzwa kando yake ikiwa imebakiziwa gredi ya EX, hasa kwa kampuni na wateja waliotaka gari jembamba. Fielder ina upana wa milimita 1,695, chini ya kikomo cha milimita 1,700 ambacho Japani hukitumia kutenga magari madogo, ilhali Touring ina milimita 1,745. Upana huo hauonekani pichani, lakini watoto watatu kwenye kiti cha nyuma huuona. Touring pia ina sapoti huru kwa kila gurudumu la nyuma, yaani moja likiingia shimoni haliliburuti la pili, wakati Fielder ina mhimili mmoja unaopinda, unaoyaunganisha yote mawili. Katika barabara ya mashimo, abiria wa nyuma wa Touring hupumzika zaidi, ila vipuri vya sehemu hiyo ni vingi zaidi vya kubadilisha siku vikichakaa.

Herufi ulizouliza ni gredi za Touring ya miaka ya mwanzo. G-X ndiyo ya chini, S ni ya kati, na W×B ni ya juu yenye viti vya kimichezo na urembo wa ndani. Wauzaji watakuonyesha viti. Mimi nakuomba utazame magurudumu: G-X ina rimu za inchi 15, S inchi 16, na W×B inchi 17 zenye tairi la ubavu mfupi la 215/45. Tairi la namna hiyo huacha nafasi ndogo sana kati ya rimu na jiwe, na rimu ikipinda hutalipa shilingi za gredi ya chini. Kwa familia inayotoka Nakuru kwenda kijijini wakati wa mvua, ningechagua S, na wala nisingeona haya kuchukua G-X. Tazama pia injini kabla ya gredi, kwani baadhi ya W×B za miaka hiyo zilikuwa na injini ya turbo ya lita 1.2 na gia sita za mkono. Ni gari tamu kuendesha, lakini vipuri vyake si vya kuvikuta dukani mtaani.

SWALI: Ninaishi Mbeya. Ninabeba viazi na mboga kutoka Uyole, na mara kwa mara ninateremka hadi Dar es Salaam. Wauzaji wote wananishawishi nichukue Fielder ya otomatiki, wakisema ya gia za mkono haina soko. Je, niwasikilize? Na nikiliona gari kwenye tangazo, nitahakikishaje kwamba gia zake ni za mkono kweli? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Kwa kazi yako, usiwasikilize. Ni kweli kwamba siku ukiiuza utamsubiri mnunuzi kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa wakazi wa mijini wamezoea otomatiki, lakini wewe unanunua gari la kulifanyia kazi miaka yote itakayotangulia siku hiyo.

Otomatiki unayoambiwa katika Fielder ni CVT. Ndani yake mna puli mbili na mkanda wa chuma uliopita katikati yake. Puli hubana na kuachia ili mkanda upande au ushuke, na hapo uwiano hubadilika bila gari kushtuka. Kinachoubana mkanda usiteleze ni msukumo wa oili peke yake. Oili ikichoka, ikipata joto kupita kiasi kwa mzigo na mlima, au ikiwa si ya aina yake, mkanda huteleza na kukwaruza puli, na mkwaruzo huo hautibiki kwa kubadilisha oili. Niliwahi kuletewa Fielder iliyokuwa ikitetemeka kila inapoondoka. Gereji moja ilikuwa imeijaza oili ya otomatiki ya kawaida kwa sababu ilikuwa rahisi kupatikana, ilhali Toyota huagiza oili maalumu ya CVT. Mwenye gari alikuwa mwangalifu katika kila jambo jingine, na nilisikitika sana kumweleza gharama.

Gia za mkono zina klachi, na klachi huisha, lakini hakuna wilaya isiyo na fundi wa kuibadilisha. Tena fikiria mteremko wa Kitonga ukiwa na mzigo. Ukitia gia ya pili au ya tatu mapema, injini hulizuia gari na breki hubaki baridi. Mwenye CVT naye anaweza kufanya hivyo kwa kushusha kigingi cha gia hadi nafasi iliyo chini ya D, iliyoandikwa S au B kutegemea gari, ila wengi huiacha D mwanzo hadi mwisho na kushuka kwa mguu juu ya breki hadi zinanuka.

Kuhusu uhakika, usitegemee neno la tangazo, wala karatasi ya mnada (ile inayoeleza hali ya gari mnadani Japani) peke yake, kwani humo CVT mara nyingi huandikwa AT tu, yaani otomatiki. Ukiona F5 au F6, hizo ni gia tano au sita za mkono. Njia iliyo bora zaidi ni kuomba picha ya kibati cha gari na kusoma msimbo kamili wa modeli. Katika Toyota za aina hii, herufi ya tatu baada ya kistari ndiyo inayotaja giaboksi: M ni gia tano za mkono, F ni sita, na X ni CVT. Omba pia picha ya pedali. Zikiwa tatu, mjadala umekwisha.

SWALI: Mwanangu anataka kuniletea Toyota Yaris ya haibridi ya 2020. Fundi wangu amenitia hofu kwamba ina CVT na mkanda wake ukikatika nimekwisha. Je, ni kweli? Na gredi ya Z inastahili pesa ya ziada? (Mama wa watoto wanne, Tanga)

JIBU: Shikamoo, mama. Fundi wako ametishwa na jina. Toyota huiita e-CVT, na hata kwenye msimbo huandika X ile ile, lakini ndani yake hamna mkanda wala puli. Injini na mota mbili za umeme hukutana kwenye seti ya gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati kama sayari zinavyolizunguka jua, na kasi ya mota moja ikibadilishwa, uwiano wote hubadilika. Ni miongoni mwa giaboksi zenye vitu vichache vya kuharibika ninazozijua. Yaris yenye CVT ya mkanda ni ile ya petroli tupu. Ya haibridi utaitambua kwa msimbo MXPH10, au MXPH15 ikiwa inasukuma magurudumu yote manne.

Kinachohitaji uangalizi wako ni betri. Hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma, na tundu hilo lina chujio linaloziba kwa vumbi. Lisafishwe kila gari linapofanyiwa sevisi, na watoto wasirundike mikoba mbele yake.

Gredi ni X, G na Z. Kwa safari za mjini Tanga, G inatosha. Ukitangaziwa X inayoitwa B Package, jua hiyo ni ya petroli tupu, si ya haibridi, na iliuzwa bila mfumo wa usalama unaotumia kamera na rada kufunga breki gari lililo mbele likisimama ghafla. Mwombe mwanao akutumie picha ya kioo cha mbele kwa ndani, upande wa juu, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Kamera kama ipo, utaiona hapo.