Gemu la treni, la usafirishaji au la kujenga mji? Usinunue kitu kwanza

Kijana mmoja wa Nkuhungu ameniandikia wiki hii: "Kaka, nimejichanga, hela yangu inatosha gemu moja tu. Nichukue la kuendesha treni, la usafirishaji au la kujenga mji?" Naamini wengi mnaonisoma mna swali hilohilo. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024, hapa mjini kila kijiwe kina mtaalamu wake wa reli.

Mdogo wangu, usinunue kitu. Pakua OpenTTD.

Ni gemu la usafirishaji, na ni la bure. Limetoka 2004, linaendelezwa na watu wanaojitolea, na limefuata nyayo za Transport Tycoon Deluxe, gemu la Chris Sawyer la 1995. Faili lake ni dogo, halimalizi bando, na laptopu ya mtumba inalibeba bila shida. Unapewa ramani, mkopo wa benki na miji midogo inayokua yenyewe. Kazi yako ni kusafirisha tu. Ukitoa makaa ya mawe mgodini ukayafikisha kwenye kituo cha umeme unalipwa kwa umbali, na mzigo ukichelewa malipo yanashuka.

Utamu uko kwenye ishara za reli, zile za kuiruhusu au kuizuia treni. Ishara inalinda kipande cha njia kilicho mbele yake. Treni ikiwamo humo, nyingine inasubiri. Kwa hiyo ukiweka ishara karibu mno baada ya makutano, treni itakayosimama hapo itaacha mkia wake katikati ya makutano na kuwazibia wote. Acha nafasi ya treni nzima. Kanuni hii moja ukiielewa, utaitazama kwa jicho jingine hata reli yetu ya kati, ile waliyoijenga Wajerumani ikafika Kigoma 1914: njia moja, treni zinapishana stesheni. Kwenye njia ya namna hiyo mwendo wa treni hausaidii kitu kama mahali pa kupishana hapatoshi.

Mimi elimu hiyo imenilipa. Kazini kwetu malori yalikuwa yanapanga foleni getini kwenye godauni tangu asubuhi, na kila kikao wakubwa walitaka tuongeze wapakiaji. Nikasema hapana, tatizo ni geti: lori linalotoka linamsubiri anayeingia, na anayeingia anamsubiri anayetoka. Tukafungua geti la nyuma liwe la kutokea. Foleni imekwisha, kwa wapakiaji walewale. Nilisimama pale nikaiangalia kazi yangu, na sioni aibu kusema nilijivunia. Ukoo mzima ulishanisema kwenye msiba mmoja, mbele za watu, kwamba mtu mzima ninacheza vitu vya watoto. Maneno yale bado yananiuma. Nimeyajibu kwa kazi.

Sasa hayo mengine. La kuendesha treni, kama Train Simulator ya kampuni ya Dovetail, ni la mtu anayependa chumba cha dereva: breki, taa za njiani, ratiba ya dakika. Lakini reli na vichwa vya ziada vinauzwa kimoja kimoja, na hapo hela ndiyo huishia. La usafirishaji la kununua, ukiwa na kompyuta nzuri, ni Transport Fever 2, na ni zuri sana. Unaanza 1850 na treni za mvuke, na mji unakua kwa bidhaa unazoufikishia.

La kujenga mji ni Cities: Skylines ya 2015, kutoka Finland. Ile ya pili ya 2023 iache mpaka uwe na kompyuta kubwa kwelikweli. Hapo wewe ndiye unayegawa maeneo ya makazi, biashara na viwanda, na usipotenganisha barabara kuu na za mitaani, mji unakwama. Halafu usijaze makazi yote kwa mkupuo: watu waliohamia pamoja huzeeka pamoja na kufa pamoja, na magari ya maiti hayatoshi. Sisi wa Dodoma tunapaswa kulipenda gemu hili kuliko watu wote. Huu ni mji uliopangwa kwenye karatasi tangu uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, na hata leo mji wa Serikali pale Mtumba unauona ukipanda. Vijana, acheni kucheza mpira wa kwenye simu usiku kucha! Jifunzeni vitu vitakavyowafanya muitazame barabara ya mtaani kwenu na kujua kwa nini imeziba. Kesho ninyi ndio mtakaokaa kwenye vikao vya kupanga mitaa hii.

Na wewe wa Nkuhungu, hiyo hela uliyojichanga ongeza RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta inayobeba gemu likiwa linachezwa. Skylines inakula RAM kuliko unavyodhani, na ukifika huko utaihitaji.