Uvimbe kwenye ini: umeanzia hapo au umehamia?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba ana uvimbe kwenye ini, daktari wa kwanza kasema ni kansa ya ini yenyewe, wa pili kasema inaweza kuwa ya mirija ya nyongo, na binamu yangu anadai kuna kipimo cha jeni kinachomaliza ubishi. Ni kweli au ananipa moyo tu? Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuuguza. Binamu yako hajakosea, karuka hatua tu. Seli zote za baba zina jeni zilezile (maelekezo ya kutengeneza protini), tofauti ni zipi zinafanya kazi na zipi zimelala. Seli ya ini inatengeneza albumini, protini ya kwenye damu, basi hata ikigeuka kansa mara nyingi hiyo jeni inaendelea na kazi, tena zinaamka zingine ambazo ini la mtu mzima lilishazilaza zamani, kama AFP na glipikani-3. Kansa ya mirija ya nyongo unaikuta na protini za keratini 7 na 19, na iliyohamia kutoka utumbo mpana inakuja na CDX2, jeni ya utumbo. Watafiti wa Stanford na Hong Kong walipima maelfu ya jeni kwa mkupuo, wakatoa matokeo 2002, na kansa iliyoanzia kwenye ini ikajitenga kabisa na zile zilizohamia.

Ila hospitalini mara nyingi hawaendi mbali hivyo. Mtu wa patholojia, yaani mchunguzi wa magonjwa maabara, anachukua kinyama cha biopsi (kilichokatwa kwenye uvimbe), anakipaka rangi maalum zinazonasa protini za hizo jeni, anaangalia kwenye darubini. Na wanaangalia alama kadhaa kwa pamoja, maana kuna kansa mchanganyiko, na zingine zimeharibika mpaka zimepoteza alama zake. AFP ya damu ikitoka kawaida isikutulize, wagonjwa wengi wa kansa ya ini haiwapandi. Kama ini lina sirosisi, yaani limejaa makovu, CT skani ya awamu tatu (picha zinazopigwa kwa nyakati tofauti dawa ya kuonyesha mishipa ikipita) inaweza kutosha bila hata biopsi.

Huu ubishi msiuache hewani kwasababu dawa ni tofauti, ya nyongo kwa kawaida inaanziwa gemsitabini na sisiplatini, ya ini ina dawa zake kama sorafenibu. Kwahiyo waulizeni madaktari: biopsi imefanyika? Imepakwa rangi zipi? Na wewe na ndugu zako kapimeni homa ya ini B, maana inaweza kuleta kansa ya ini, mkikutwa hamna mchanjwe.