Usingizi haupimwi ukiwa kwenye usukani: kwa madereva wapya wa Arusha na Moshi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya usukani huku kwetu, wa kiume na wa kike, iwe ni Haisi ya Arusha–Moshi, Kosta ya Karatu, basi la Dar au Land Cruiser ya watalii: chuoni mnafundishwa mengi kuhusu gari na machache kuhusu mwili wa anayeliendesha. Mtatoka mnajua alama za barabarani na breki ya upepo inavyofanya kazi. Ila ni nadra mtu akae na wewe akueleze ufanye nini saa 9 usiku umefika Hedaru, barabara imenyooka, abiria wote wamelala na kope zako zimeanza kuwa nzito. Nimeendesha miaka mingi, sasa nasimamia madereva, na nimewasindikiza makaburini wenzangu ambao magari yao hayakuwa na ubovu wowote. Ndiyo maana naandika.

Shikeni hili kwanza: mtu aliyechoka hawezi kupima uchovu wake. Ubongo unaotakiwa kupima ndio huohuo uliochoka. Dereva aliyesinzia akapona atakuambia alikuwa anajisikia yuko sawa, na wala hadanganyi. Usingizi wa sekunde tatu nne unakuja na kuondoka mwenyewe asijue, na wakati mwingine macho yako wazi kabisa. Kwa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo kwa basi na lori, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde nne ni karibu mita 90 ambazo hakuna mtu anayeendesha. Ajali za namna hii zina sura yake: barabara nyoofu, hakuna mvua, gari limeacha njia taratibu au limehamia upande wa pili, na kwenye lami hakuna alama ya breki.

Kwa sababu hiyo, maamuzi kuhusu usingizi yafanyike kabla hujawasha gari. Yale yatakayobaki kuamuliwa njiani yaachie saa na mtu mwingine. Usijiachie mwenyewe, kwa sababu wewe wa saa 9 usiku si wewe huyu unayesoma hapa.

Chukua siku ya kawaida ya Haisi. Umeamka saa 10 alfajiri ukachukue gari yadi uwahi foleni ya stendi. Umepiga tripu, umekula wali maharage umesimama, mchana umebishana na trafiki, jioni abiria ni wengi na hesabu ya tajiri, yaani hela anayodai mwenye gari kila siku, haijatimia, basi unaongeza tripu moja ya usiku. Unapopita Usa River saa 3 usiku umekaa macho kwa saa 17. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walilinganisha watu waliokaa macho muda mrefu na watu waliokunywa pombe. Aliyefikisha saa 17 bila kulala alikuwa kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na hicho ndicho kikomo cha dereva katika nchi nyingi za Ulaya. Aliyefikisha saa 24 alikuwa kama mwenye asilimia 0.10. Wewe hujagusa bia hata moja. Askari akikupulizisha, kipimo kitasoma sifuri, na utaruhusiwa kuendelea na abiria wako.

Na fikiria ni barabara gani unaendelea nayo saa hizo. Bodaboda haina taa ya nyuma. Mzee anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi pembeni ya lami. Lori limeharibika kwenye njia yako na alama pekee ni matawi ya mti yaliyotupwa mita chache nyuma yake. Aliyelala vizuri anayaona matawi, anajua maana yake, mguu unahama wenyewe kwenda kwenye breki. Aliyechoka anayaona pia, ila maana inachelewa kufika.

Hesabu yako ya kwanza kila asubuhi isiwe ya hela. Jiulize umeamka saa ngapi, na utakapolaza gari utakuwa umekaa macho kwa saa ngapi. Ikizidi 16, tripu ya mwisho si yako, mpe deiwaka, dereva wa kushika gari kwa muda. Lakini naye umuulize amelala lini, maana deiwaka wengi wanakuja kwako wakitoka kwenye usukani wa gari lingine.

Halafu kuna deni linalojilimbikiza. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Ukilala kwa saa 5 tu kila usiku tangu Jumatatu, ukifika Ijumaa unaendesha na upungufu wa wiki nzima, na kibaya zaidi umeshazoea, unadhani ndivyo ulivyo. Nakutana na vijana wanaojisifu kwamba wao saa 4 zinawatosha. Nikiwakalisha kwenye kiti ofisini mchana, kimya, bila simu, wanasinzia kabla sijamaliza kujaza fomu.

Saa ya mwili nayo haibembelezwi. Binadamu ana vipindi viwili ambavyo mwili unataka kulala: kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, na tena kidogo kati ya saa 8 na saa 10 mchana. Sasa chukua njia yetu ya Dar. Basi lililotoka Dar saa 12 asubuhi, likasimama Korogwe kwa chakula, linaikuta tambarare ya Hedaru, Makanya na Same kwenye saa 8 mchana: joto kali, tumbo limejaa, Milima ya Pare imekaa upande wa kulia haisogei. Na tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, lile linaloondoka Dar saa 2 usiku linafika palepale saa 9 au 10 alfajiri. Mchana au usiku, kipande kilekile kirefu kilichonyooka kinakukuta mwili ukiwa chini kabisa. Mimi nikipanga zamu, huwa nahakikisha wanabadilishana usukani kabla ya pale, Mombo au Korogwe, si baada yake. Ukipangiwa safari ya namna hiyo, omba iwe hivyo. Na aliyetoka kulala asikabidhiwe usukani palepale alipoamshwa. Aupe mwili dakika 20 au 30, anawe uso, azunguke gari, apige tairi teke, ndipo akae.

Sasa mtu wa pili. Kwenye gari la abiria ni konda, kwenye lori ni utingo. Wengi mnamchukulia kama mkusanya nauli. Huyu ndiye kipimo chako, kwa sababu yeye anakuona na wewe hujioni. Siku moja nilikuwa nimekaa kiti cha mbele kwenye Haisi tukitoka Moshi jioni. Konda alikuwa kijana mtulivu, amesimama mlangoni, na niligundua kwamba haangalii abiria, anamwangalia dereva. Tulipopanda kutoka Weruweru, dereva aliiachia gia ya nne mpaka injini ikalalamika ndipo akashusha. Baadaye kidogo akaanza kujisugua shingo, akarudisha kofia nyuma, akairudisha mbele, akajisugua tena. Tulipopita Kwa Sadala tairi la kushoto lilikanyaga mstari wa pembeni, akalirudisha gari kwa ghafla. Konda akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Kaka, hapo Boma kuna mzigo wa kuchukua." Dereva akaweka pembeni Boma Ng'ombe bila kuuliza mzigo wa nani. Mzigo haukuwepo. Akashuka, akanywa kahawa, akaegemea kiti akalala kidogo, abiria wakanunua ndizi, tukaondoka. Nilipowauliza, wakaniambia ni makubaliano yao ya kila asubuhi: konda akitaja mzigo, gari linasimama, na hakuna kubishana.

Nendeni mkafanye hivyo. Chagueni neno lenu, mlikubaliane asubuhi mkiwa wazima, na dereva aahidi kutojitetea. Konda mdogo kiumri haoni rahisi kumwambia kaka yake au mtu wa makamo ya baba yake kwamba anasinzia, tena mbele ya watu. Ukishampa ruhusa mapema, umemwondolea aibu hiyo. Na mfundishe cha kuangalia: gia zinazochelewa, mwendo unaopanda na kushuka bila sababu, kupiga miayo mfululizo, kukanyaga mstari, kutojibu unapoitwa mara ya kwanza. Ukiwa peke yako, kipimo ni hiki: umefika Maji ya Chai na hukumbuki kupita Kikatiti. Hapo usijiulize kama umechoka. Tafuta mahali salama uweke pembeni.

Kuhusu dawa za kienyeji za usingizi nitapita haraka. Kushusha kioo upepo uingie na kufungulia redio kwa nguvu vilishapimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, Reyner na Horne, miaka ya 1990. Vinasaidia kidogo sana na kwa muda mfupi. Maji usoni, pipi kali, kujipiga makofi, ni hadithi hiyohiyo. Mirungi ni kosa la jinai, na kazi yake ni kukuficha uchovu usiuone huku deni likiendelea kukua. Ikiisha nguvu inakuangusha kwa mara moja.

Kinachosaidia ni kahawa pamoja na usingizi mfupi, kwa mpangilio huo. Weka pembeni mahali salama, si kwenye bega la barabara. Kunywa kahawa nzito kwanza, halafu weka alamu ya dakika 15 hadi 20 na ufumbe macho, hata usipolala fofofo. Kafeini inachukua kama nusu saa kuanza kazi, kwa hiyo unapoamka ndipo inapoingia. Hii inakununulia muda kidogo wa kufika unapoweza kulala kweli. Haifuti usiku uliokosa. Na kahawa ya jioni itakuibia usingizi wa usiku huo, kwa sababu saa 5 tangu uinywe, karibu nusu ya kafeini yake bado iko mwilini.

Angalieni na dawa za hospitali. Baridi ya Juni na Julai Arusha inaleta mafua, mtu anameza Piriton asubuhi na kushika usukani. Dawa hiyo inalaza. Muulize mfamasia kabla hujalipa, mwambie wewe ni dereva. Na kama mwenzi wako anakuambia unakoroma sana usiku na pumzi zinakatika kisha unashtuka, usimcheke. Huo ni ugonjwa, unakufanya uamke umechoka hata ukilala kwa saa 8, na unatibika. Nenda kwa daktari.

Kwa mnaoingia kwenye utalii, hatari yenu kubwa haiko porini. Iko siku ya mwisho. Umeamka saa 11 alfajiri kwa ajili ya wageni, umetoka Serengeti, umeshuka Ngorongoro, umepita Karatu na Makuyuni, umewafikisha KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, wapande ndege ya usiku. Wamekushukuru, wamekupa bahasha. Umebaki wewe na gari tupu na kilomita kama 50 za kurudi Arusha. Kazi imeisha, mwili unaachia kila kitu ulichokuwa umeukaza tangu alfajiri, na hakuna wa kuzungumza naye. Kipande hiki kifupi nakiogopa kuliko vumbi lote la Serengeti. Lala kwenye gari maegeshoni kwanza, au mwombe meneja alipie chumba Boma au Usa River. Wanaokubali ni wengi kuliko mnavyodhani, ila mara nyingi hakuna aliyewahi kuwaomba.

Na kuna mwezi ambao hata ukiwa umelala vizuri utakutana na waliokosa usingizi. Desemba, watu wa Moshi wanapopanda nyumbani kwa Krismasi, mtu anatoka ofisini Dar jioni, anapakia familia, anaendesha usiku kucha. Ukiona taa za mbele zinayumba au gari ndogo linahama mstari, usilifuate kwa karibu na usilipite kwa papara. Punguza mwendo, piga honi mapema, acha nafasi.

Mwisho ni tajiri. Mfumo wa hesabu ya kila siku unamsukuma dereva aendeshe akiwa amechoka, na sitawaficha kwamba hilo linaniuma. Mwaka 2015 madereva nchi nzima waligoma, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao makubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 9 za kawaida kwa siku, 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku. Kwa mabasi, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inataka dereva wa pili kwenye safari inayozidi saa 8, na kitufe cha utambuzi, ambacho kila dereva ana chake, kinaonyesha nani yuko kwenye usukani; usikubali kamwe kuendesha kwa kitufe cha mwenzako. Dai mkataba wa maandishi kabla hujapewa funguo, maana baada ya hapo hakuna anayekumbuka mliongea nini.

Ukiona ratiba ya kesho haikuachii muda wa kulala, mpigie tajiri usiku huohuo. Mwambie kwa heshima: "Bosi, shikamoo. Gari nimelaza saa 5, na kesho nimepangwa saa 10 alfajiri. Sitakuwa nimelala. Naomba nianze saa 3, au unitafutie mtu wa tripu ya kwanza." Usimwambie umechoka, atadhani ni uvivu, mtajie saa. Na usisubiri asubuhi gari limeshajaa abiria, kwa sababu usiku bado ana muda wa kumpata mwingine.