Mnunuzi Ni Nani? Kwa Wachumi Wapya wa Maoteo ya Bei za Mazao

Wiki iliyopita mmoja wenu aliniletea maoteo ya bei ya mahindi katika soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa. Grafu ilikuwa nadhifu, na mstari wake ulianza Novemba, ukapanda hadi Februari, kisha ukaendelea kupanda bila kupumua hadi Julai. Nilimwuliza Julai kuna nini Kongwa. Akanijibu kwa heshima zote, "Mwaka mpya wa fedha unaanza, mzee." Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka kwamba kosa langu la umri huo halikumchekesha mtu. Ndiyo maana nawaandikia haya, wadogo zangu, ingawa dokezo la utoshelevu wa chakula linanisubiri mezani tangu jana.

1. Anzeni na kalenda ya shamba, kompyuta ifuate. Kanda yetu ya kati ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Kihenge cha mkulima hukaribia kuwa kitupu Februari na hujaa tena baada ya mavuno ya Mei na Juni, na bei huenda pamoja na kihenge. Ukichukua miezi minne ya kiangazi cha tumbo na kuirefusha kwa rula, unachokionyesha ni ile njaa ya kila mwaka, na mwelekeo wa soko huna.

2. Pimeni gunia. Kanuni za vipimo haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, haijasoma kanuni. Niliwahi kuripoti kwa majuma matatu mfululizo kwamba bei ya gunia inapanda, kumbe bei ya kilo ilikuwa palepale na kilichopanda ni kilemba kilichoshonewa juu ya gunia. Mkusanya takwimu alikuwa akinakili alichoambiwa na dalali, hakuwa na mizani, na mimi niliyekaa ofisini sikumwuliza.

3. Mjue mnunuzi. Hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa jambo hili nimelibeba tangu mwaka 2016.

Novemba ya mwaka huo nilipewa kazi ya kuandika maoteo ya bei ya mbaazi kwa msimu uliokuwa unaanza. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni na programu mpya ya takwimu, na nilikuwa na bei za miaka mitatu ambazo ziliwahi kuvuka shilingi 2,000 kwa kilo. Mstari wangu ulipita katikati ya nukta kama uzi kwenye shanga. Niliupenda mstari ule kuliko inavyofaa mtu kuipenda hesabu. Mkuu wangu wa kazi, mzee wa maneno machache, alirudisha jalada akiwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mnunuzi ni nani?" Nililiona kuwa swali la kizamani. Nilimjibu kwa ukurasa mzima wa vipimo vya ubora wa modeli, naye kwa kuwa muda wa kuwasilisha ulikuwa umefika, akaliachia jalada lipite.

Mnunuzi alikuwa India, na habari zake zote zilikuwa wazi kwa mtu mwenye nia ya kusoma. Bei zetu zilikuwa zimepaa kwa sababu mvua za monsuni zilikuwa hafifu kule mwaka 2014 na 2015. Mwaka 2016 mvua zilirudi, serikali yao ikaongeza bei ya chini ya kumlinda mkulima, na wakulima wao wakapanda mbaazi kwa wingi. Kufikia Novemba mazao yale yalikuwa tayari yamesimama shambani. Zaidi ya hayo, Julai ya mwaka uleule Waziri Mkuu Narendra Modi alizuru Afrika. Alipofika Dar es Salaam nilifurahi na kuitaja ziara hiyo katika taarifa yangu kama dalili njema ya soko. Sikujishughulisha kusoma alichokuwa amekubaliana siku chache kabla na Msumbiji, yaani mpango wa miaka mitano wa India kununua kwao mazao ya jamii ya kunde, mbaazi zikiwemo, ambao lengo lake lilikuwa kufikia tani 200,000. Niliijua mvua yao, lakini aya niliyoiandika kuihusu niliifuta mwenyewe ili taarifa ienee kurasa mbili.

Mavuno ya India yalikaribia maradufu. Tarehe 5 Agosti 2017, mbaazi zetu zikiwa zinavunwa, nchi hiyo iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, na makubaliano ya serikali kwa serikali kama yale ya Msumbiji yakaachwa nje ya ukomo. Bei kwetu ikaanguka hadi shilingi mia chache.

Septemba nilitumwa Kondoa kufanya tathmini. Mzee mmoja alitukaribisha sebuleni, na ilibidi tupite ubavu kwa ubavu kwa sababu magunia yalipangwa kutoka ukutani hadi mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia, akaagiza tuletewe chakula. Ililetwa sahani ya mbaazi zilizochemshwa. "Karibuni, wanangu," alisema, "asubuhi mbaazi, jioni mbaazi, na ninyi mkija mbaazi." Wenzangu walicheka. Kisha akaeleza bila hasira kwamba alipunguza ekari mbili za mahindi baada ya afisa ugani kuwasomea karatasi kutoka serikalini iliyosema bei itaendelea kuwa nzuri. Nilizitambua sentensi alizozirudia, hata mpangilio wake. Sikumwambia kwamba karatasi ile niliiandika mimi. Nilikula mbaazi hadi nikamaliza sahani, nikamshukuru, nikaandika katika daftari idadi ya magunia.

4. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unazungumzia uwezekano, hauzungumzii tani. Majuma matatu ya jua Februari yanaweza kuyamaliza mahindi yanapotoa mbelewele na kuuacha mtama ukiwa hai, hata kama jumla ya milimita imefikia wastani.

5. Andikeni masharti ya maoteo, na myaweke ukurasa wa kwanza. Katika taarifa moja ya mapema mwaka 2021 niliandika kwamba makisio ya bei ya mahindi yanasimama iwapo tu mpaka wa kaskazini utabaki wazi. Tarehe 5 Machi Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti ya vyeti vya vipimo. Safari hiyo jalada lilirudi bila wino mwekundu hata kidogo, nami nikadhani yule mkuu wangu wa kazi hakulisoma.

Alhamisi tunakwenda Kibaigwa. Gari litaondoka saa kumi na moja alfajiri, na mizani ya kuning'iniza nitaibeba mwenyewe. Aliyechora ule mstari wa Julai atakaa mbele, kwa sababu dereva wetu analima mahindi Pandambili na ana maelezo ya kumpa njia nzima.