Nikipiga kwa nguvu mpira unatoka, nikipunguza unanasa kwenye neti

Swali: Kocha, huu ni mwaka wangu wa tatu kucheza tenisi hapa Nairobi. Fohandi, yaani pigo la upande wa mkono ulioshika raketi, nikiiachia kwa nguvu, mpira unatoka nje ya mstari wa nyuma. Nikipunguza, unanasa kwenye neti au unampa mpinzani mpira wa mtelemko. Nishughulikie kipi kwanza, uhakika au nguvu?

Jibu: Uhakika, ila usiutafute kwa kupunguza kasi ya mkono. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mtu akiogopa kutoa mpira, mkono unakakamaa, raketi inasita katikati ya pigo, na mpira unaondoka bila kuzunguka. Mpira usiozunguka hauna cha kuushusha ila uzito wake.

Kasi iache ilivyo, badilisha njia ya raketi. Ishushe chini ya usawa wa mpira, ipande ikiusugua mpira kwa nyuma, imalizie juu ya bega la pili. Hiyo ndiyo topspini: mpira unapaa juu ya neti, kisha unajikunja na kudondoka ndani. Rafael Nadal alitwaa mashindano ya Roland Garros ya Ufaransa mara 14, na hakuwa mtu wa kubembeleza mpira.

Tena piga mshazari. Neti katikati ina sentimita 91, kwenye nguzo 107, na uwanja wa mchezaji mmoja mmoja kwa mshazari unakuongezea karibu mita 1.4. Wanafunzi wangu huwa nawafungia kamba mita moja hivi juu ya neti, kila mpira upite juu yake. Siku ya kwanza wananuna, wanasema nawachezesha kitoto. Katika mipira kumi, saba ikiangukia kati ya mstari wa sevu, ule ulio kati ya neti na mwisho wa uwanja, na mstari wa nyuma, ongeza kasi kidogo. Isipofika saba, rudi ulikotoka.

Halafu usisahau mji wenyewe. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unakimbia. Sheria za ITF, shirikisho la tenisi la dunia, zina mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, kwa hiyo soma kopo la mipira kabla ya kununua. Kama unatumia ya kawaida, mwambie fundi akukazie nyuzi za raketi kwa kilo moja hivi zaidi. Ukishuka kucheza Mombasa, beba raketi nyingine yenye nyuzi zilizolegea kidogo.