Kabla Hujabandika Jedwali la Ngeli, Waulize

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Kiswahili hapa Mukono, Uganda, niliingia darasani na karatasi ya manila, wino wa rangi tatu: M-WA, M-MI, KI-VI. Nikaibandika, nikaeleza wiki mbili nzima. Watoto themanini wa kidato cha kwanza walinakili kila kitu, wakaambulia patupu.

Aliyeniokoa ni binti wa dawati la nyuma. Nilipoandika "kitabu, vitabu" alimnong'oneza jirani yake: "Ekitabo, ebitabo." Nikasikia.

Kesho yake manila ilibaki nyumbani. Nikaugawa ubao katikati, kushoto Kiganda chao, kulia patupu. Wakanipa omuntu, abantu; omuti, emiti; ekintu, ebintu. Nami nikajaza kulia: mtu, watu, mti, miti, kitu, vitu. Kimya kidogo, halafu kelele. Tulipofika kwenye vimilikishi sikueleza neno. Waliona wenyewe kuwa "ekitabo kyange" ni "kitabu changu", na "ebitabo byange" ni "vitabu vyangu". Ngeli walikuwa nazo tangu wakinyonya.

Siku hizi kila mada mpya naianza kwa kuuliza, dakika kumi, si zaidi. Mada ya saa ndiyo nyepesi kupita zote: Mganda akisema "ssaawa emu" asubuhi ni saa moja ile ile yetu.

Ila ukiuliza, hutaletewa mazuri tu. "Saba" kwao ni kuomba. Wengine waliniandikia "bitabu" muhula mzima. Na siku nilipouliza wanajua Kiswahili gani tayari, jibu lilikuja kwa mpigo: "Simama!" "Toa kitambulisho!" Kiswahili cha vizuizi vya barabarani. Lugha hii ilivaa gwanda kwetu miaka mingi. Idi Amin alipoitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 ndiyo kwanza ikazidi kuogopwa, na watoto wamerithi woga wa wazazi. Zamani ningeyaruka hayo. Sasa nayaandika ubaoni vilevile, kisha nauliza: mgeni akibisha hodi nyumbani kwenu, utamwambia "simama"?

Tena usiibebe njia yangu nzima nzima hadi Gulu, kaskazini mwa nchi. Kiacholi cha huko ni lugha ya Kiniloti, si ya Kibantu kama Kiganda na Kiswahili, hakina omu- wala eki- za kulinganisha. Mwenzangu anayefundisha huko huanzia dukani, kwa sukari na sabuni, maneno ambayo Kiacholi kilishayakopa.